Kabla ya Kuongeza Vizimba, Hesabuni Minyoo

Mjadala wa vizimba vya kufugia samaki katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, umekwama kwenye chupa ya maji. Wenye vizimba wanakuja kikaoni na matokeo ya maabara: oksijeni iko sawa, asidi iko sawa, samaki wanakula vizuri. Wavuvi wa nyavu na ndoano nao wanakuja na chupa yao, maji ya kijani yanayonuka, wanauliza nani yuko tayari kumwogeshea mtoto maji hayo. Ofisa wa kaunti anaziangalia chupa zote mbili, anaahidi utafiti zaidi, chai inaletwa, kikao kinavunjika. Mwaka unaofuata vizimba vimeongezeka na chupa ni zilezile.

Mimi naona pande zote mbili zinachungulia mahali pasipo na jibu. Kinachoamua kama sehemu fulani ya ghuba inaweza kubeba vizimba zaidi hakielei juu. Kiko chini kwenye tope, na mashahidi wake ni minyoo.

Najua mnyoo hana heshima mjini Kisumu. Ukimtaja, watu wanafikiria dawa za watoto shuleni au chambo cha ndoana. Hata katika vyuo vyetu, mwanafunzi akichagua kati ya mbuta na minyoo, ni nani atachagua minyoo? Mbuta ana soko Ulaya, omena ana soko Kondele, mnyoo hana soko popote. Lakini ipo elimu ya zaidi ya nusu karne inayomtumia kupima afya ya maji, na kwa kiasi kikubwa ilikuzwa baharini. Kwa hiyo itabidi tuondoke ziwani kidogo.

Pwani ya Kenya maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa pale Mombasa hukaribia mita 4. Maji yakipwa Mida au Gazi, mgeni huona uwanja wa mchanga na tope usio na kitu. Mchimba chambo anaona matundu na vilima vidogo vya mchanga uliotapikwa, na anajua achimbe wapi. Ndege wanaohama kutoka kaskazini wanajua pia. Wanakimbilia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka kukwepa baridi ya kwao, na sehemu kubwa ya wanachodonoa kwenye fuo hizo ni minyoo na kaa wadogo. Minyoo wenyewe wengi ni wa kundi ambalo wataalamu huliita polikaeti, wenye vijinywele pembeni mwa kila pingili ya mwili.

Wanavyojipanga ufuoni si kwa bahati. Mchanga wa chembe kubwa unaopigwa na mawimbi hukauka upesi na hauna chakula kingi, kwa hiyo minyoo wake ni wachache na ni hodari wa kuchimba. Mchanga mwembamba uliochanganyika na tope, ndani ya ghuba au nyuma ya mikoko, hushika maji na masalia ya majani, na humo minyoo ni tele. Lakini hapohapo oksijeni huishia sentimita chache tu chini ya uso. Ukichimba kidogo unakuta tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza. Minyoo wanaishi kwenye mpaka huo. Wengine hujijengea vijumba vya mrija, wengine humeza mchanga, wakayeyusha kilicho chakula na kuurudisha uliobaki juu. Arenicola marina, mnyoo maarufu wa fuo za Ulaya, hukaa ndani ya shimo lililopinda na kusukuma maji humo kwa misuli ya mwili wake, na kwa kazi hiyo hewa hufika mahali ambapo isingefika. Kwa maneno mengine, mnyoo hakai tu topeni. Ndiye anayelifanya tope liweze kukaliwa na wengine.

Sasa tuone yanapoharibika. Mnamo Septemba 1969 tishari lililobeba mafuta lilipanda mwamba karibu na West Falmouth, jimbo la Massachusetts, Marekani. Watafiti wa kituo cha bahari cha Woods Hole, akiwemo Howard Sanders, hawakuridhika na kuangalia juu ya maji. Waliendelea kuchota tope la chini na kuhesabu, na wakakuta viumbe wengi wamekufa na nafasi yao imejazwa na mnyoo mmoja mwembamba aitwaye Capitella, kwa wingi usio wa kawaida. Hakuletwa na mafuta. Alikuwepo siku zote kwa uchache, maana ni mnyoo wa maisha mafupi, anayekomaa kwa muda wa wiki chache na kuzaa haraka. Washindani wake walipokufa, uwanja ukawa wake.

Mwaka 1978 Tom Pearson wa Scotland na Rutger Rosenberg wa Sweden waliyakusanya matokeo ya namna hii, pamoja na yale ya maeneo yaliyopokea uchafu wa viwanda vya karatasi, wakaonyesha kwamba mabadiliko hufuata mpangilio unaotabirika. Masalia ya chakula yakianza kuongezeka chini, kwanza viumbe hunufaika: aina huongezeka, uzito wao huongezeka. Yakizidi, aina huanza kupungua. Kisha hubaki aina chache sana za minyoo wadogo kwa idadi ya kutisha. Mwisho kabisa hakuna kiumbe wa kuonekana kwa macho, tope ni jeusi na gesi inatoka.

Hapo kwenye idadi ya kutisha ndipo wengi hupotea. Mtu anayehesabu vichwa tu atatangaza kwamba uhai umestawi, wakati tope limebakiza hatua moja kufa. Kinachosomwa ni nani yupo, nani ameondoka, na mizani kati ya aina za maisha marefu na zile za harakaharaka. Ninasisitiza hili kwa sababu tayari nimesikia hoja ya kwamba vizimba vinaleta uhai chini, kwani minyoo imeongezeka. Inawezekana kabisa imeongezeka. Hoja hiyo haijasema lolote mpaka itaje ni minyoo gani.

Turudi Winam. Ziwa Victoria halina bamvua wala maji mafu ya kumpangia mnyoo ratiba ya siku. Halina chumvi, na polikaeti karibu wote ni wa chumvi. Tope letu ni la oligokaeti, jamaa wa karibu wa nyungunyungu wa shambani, pamoja na mabuu ya wadudu wa ziwa: wale wanaoibuka kwa mamilioni usiku usio na upepo na kuzingira taa za Dunga mpaka mtu anafunga mdomo akitembea. Majina ya Mombasa hayafai hapa, na anayetaka kumtafuta Capitella Kendu Bay atachoka bure.

Ila tatizo la oksijeni ni lilelile. Chakula kikizama na kuoza, bakteria huitumia hewa iliyomo majini, na kila kiumbe wa topeni hukabili hesabu hiyohiyo awe wa maji chumvi au maji baridi. Oligokaeti wa jamii ya Tubifex hutumbukiza kichwa topeni na kuacha mkia nje ukipungapunga, ili kufyonza hewa kidogo iliyobaki. Yeye na baadhi ya mabuu wa inzi wa ziwa ni wekundu kwa sababu damu yao ina himoglobini, inayoshika oksijeni hata ikiwa haba. Mahali ambapo wao peke yao ndio wamebaki, wengine wote wameshashindwa kupumua.

Mfano wa maji baridi upo, na ni mkubwa. Mwaka 1953, upande wa magharibi wa Ziwa Erie kati ya Marekani na Kanada, siku za joto lisilo na upepo zilimaliza oksijeni ya chini. Mabuu wa mdudu Hexagenia, waliokuwa chakula kikuu cha samaki wa hapo, walikufa kwa wingi. Miaka iliyofuata tope likawa la oligokaeti. Hexagenia alianza kurudi kwa maana miaka ya 1990, baada ya nchi hizo mbili kupunguza fosforasi inayomwagwa ziwani. Miongo minne hivi, kwa ziwa lenye serikali mbili tajiri zinazolihangaikia. Sisi tuna serikali tatu ziwani, na kaunti zetu bado zinabishana nani anamiliki ufuo upi.

Sasa kuhusu ile chupa. Kuchota maji saa nne asubuhi na kuyapima ni kama kumwuliza habari za mtaa abiria aliyeshuka stendi sasa hivi, ilhali mwenye nyumba yuko mlangoni anakutazama. Maji ya asubuhi yanaweza kuwa ya upepo wa jana kutoka Mkondo wa Rusinga. Oksijeni hupanda mchana mwani ukiwa juani na kushuka usiku mwani huohuo ukipumua, na hakuna ofisi inayopima saa kumi alfajiri. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita cha mzigo wa uchafu unaooza, kwa maji taka yanayoingizwa katika mazingira. Ni kanuni nzuri kwa bomba, maana bomba lina mdomo wa kukinga chupa. Kizimba hakina. Chakula kisicholiwa na kinyesi hupita wavuni na kuzama, na chupa iliyochotwa juu haitakutana navyo kamwe.

Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu na jirani zake, na hasara ikatajwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi. Maelezo yaliyotolewa yalielekeza kwenye oksijeni kukosekana. Wafugaji wengi walisema hawakuona dalili yoyote. Juu ya maji huenda kweli hapakuwa na dalili. Je, kuna aliyekuwa akifuatilia tope miezi iliyotangulia? Ghuba yetu ni ya kina kifupi, sehemu kubwa ya ndani haifiki hata mita 10, na upepo mkali unaweza kuvuruga maji yote hadi chini. Kilicholimbikizwa chini kinapanda chote kwa pamoja.

Anayedhani tope haliwezi kutoa ushahidi wa kuaminika akumbuke kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu kuharibika kwa Ziwa Victoria imetoka humo. Watafiti waliochimbua nguzo za tope kutoka sakafu ya ziwa na kusoma mabaki yaliyozikwa tabaka kwa tabaka walionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo, na kwamba maji ya kina kirefu yalianza kupoteza oksijeni mapema miaka ya 1960. Yaani kabla ya mbuta kutawala na kabla ya fulu, wale samaki wadogo wa asili, kutoweka miaka ya 1980. Tumezoea kumbebesha mbuta lawama zote. Tope linasema alikuta nyumba imeshaanza kuungua.

Ufugaji wa vizimba siupingi. Samaki wa porini wamepungua, watu wameongezeka, na bila vizimba sahani nyingi za Kisumu zingekuwa za samaki wa Uchina waliogandishwa. Ninachopinga ni leseni inayotolewa bila kuuliza chini kuna nini. Kwa kila kilo ya ngege (tilapia) anayevunwa, mfugaji hutumia kilo moja na nusu hivi ya chakula au zaidi, na tofauti hiyo haiyeyuki hewani. Sehemu yake huishia chini ya kizimba, mahali palepale, msimu baada ya msimu.

Norway, wenye ufugaji mkubwa wa samaki wa vizimba baharini, walishaliona hili. Tangu 2000 wana kiwango rasmi kinachotaka sakafu iliyo chini ya vizimba ichunguzwe, na uchunguzi huwa wa mara kwa mara zaidi kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya. Wana ngazi ya kitaalamu, ambapo minyoo hutambuliwa aina kwa aina. Ila ngazi ninayoipenda ni ile nyepesi. Tope huchotwa na kuangaliwa papo hapo botini: kuna kiumbe hai au hakuna? Rangi ni ya kahawia au nyeusi? Linanuka? Linatoa mapovu ya gesi? Limeshikana au ni uji? Uchafu laini wa juu una unene gani? Kipimo cha asidi kinaongezwa, alama zinajumlishwa, mahali pamepangwa daraja.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomshinda mwanakamati wa usimamizi wa ufuo aliyefunzwa wiki moja. Kamati hizi zipo kisheria tangu 2007, zina ofisi, na nyingi zina boti. Anahitaji chombo cha kukwangulia tope, chekecheke ya tundu la nusu milimita, sinia jeupe na spiriti ya kuhifadhia sampuli. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza chombo cha tope akionyeshwa mchoro.

Hoja za kupinga zipo, na mbili ni nzito. Ya kwanza ni ya wataalamu. Oligokaeti ni kazi ngumu kuwatambua. Wengi hutambulika tu wakiwa wamekomaa viungo vya uzazi, na chini ya darubini. Capitella mwenyewe, aliyedhaniwa kuwa spishi moja, mwaka 1976 alikuja kuonyeshwa na Judith na Frederick Grassle kuwa angalau spishi sita zisizotofautishika kwa macho. Ikiwa mnyoo aliyechunguzwa vile aliwachanganya watu wa Woods Hole, sisi tutawezaje? Jibu langu ni kwamba ngazi ya kwanza haihitaji spishi. Inahitaji makundi: oligokaeti, mabuu wekundu, konokono, kome, uduvi ochong'a, ruba, na kadhalika. Ya spishi waachiwe Maseno, Egerton, chuo cha Bondo na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, yenye kituo chake hapahapa Kisumu. Na sampuli zikihifadhiwa vizuri, hata mtaalamu atakayezaliwa kesho atazisoma.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi. Ghuba ya Winam si safi ya kuanzia. Mto Nyando huleta udongo wa milima yote ya juu yake kila masika. Mto Kisat huleta ya mji. Mahali pengi pa ghuba ni tope tupu hata pasipo na kizimba, na oligokaeti wangekuwepo tu. Mwenye kizimba atasema, kwa haki, kwamba anahukumiwa kwa dhambi za mkulima wa Kericho na choo cha mtaa wa Nyalenda. Kisha kuna maji yenyewe: 2020 ziwa lilipanda na kupita kidogo rekodi ya 1964, likameza fuo za mchanga na kuviweka chini ya maji vichaka na mashamba. Tope la kichaka cha mafunjo kilichozama si tope la ghuba ya zamani.

Ndiyo maana mifumo iliyopo haitoshi kunakiliwa. Afrika Kusini wana mfumo wa alama wa kupima mito kwa viumbe wa chini; oligokaeti hupata alama 1, na mabuu wa familia ya Heptageniidae, wanaong'ang'ania mawe ya maji safi, hupata 13. Tanzania wamejitengenezea wao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi walichapisha kipimo cha mito ya juu ya bonde la Ziwa Victoria mwaka 2009. Yote ni ya mito yenye mawe na mkondo. Ukiupeleka mfumo wa namna hiyo katikati ya ghuba, utalifelisha hata tope lenye afya kwa sababu halina mawe. Pia kipimo kinachofelisha kila mahali humnufaisha mchafuzi, maana hakuna tena wa kunyooshewa kidole.

Kinachotatua ugumu huu ni kulinganisha mahali na jirani yake. Sampuli zichukuliwe chini ya kizimba, mita 50 pembeni, mita 200, na mahali pa mbali penye kina na udongo uleule pasipo na vizimba. Udongo wa Nyando utaonekana kote. Choo cha Nyalenda kitaonekana kote. Kinachozidi chini ya kizimba peke yake ni cha mwenye kizimba. Sampuli za kwanza zichukuliwe kabla nguzo ya kwanza haijatiwa majini, la sivyo tutabishana milele kuhusu palivyokuwa zamani. Sheria ya mazingira ya 1999 tayari inataka tathmini ya athari kabla ya mradi. Orodha ya viumbe wa topeni ingeingia humo bila kusubiri Bunge.

Gharama ailipe mwenye leseni, ila asiwe yeye anayemchagua mchukuaji sampuli. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa kamati ya ufuo, mahali palepale panapobandikwa bei ya samaki, ili mvuvi wa ndoano ayaone. Ana haki ya kuyaona. Mumi, kamongo, okoko na ningu wote hutafuta riziki yao chini, na tope likiisha uhai hawana la kufanya ila kuhama. Mvuvi huyo huambiwa samaki wamepungua kwa sababu yeye anavua kupita kiasi. Labda ni kweli, lakini anastahili kuambiwa pia kama meza waliyokuwa wakilia imeondolewa.

Kuna habari moja ya kutia moyo katika kazi ya Rosenberg. Ghuba ya Saltkällefjord huko Sweden ilikuwa imeuawa na uchafu wa kiwanda cha karatasi, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1966 viumbe wa chini walirudi kwa hatua, waliovumilia kwanza na wa maisha marefu mwishoni, na muda uliochukua haukufika muongo. Vizimba vya Winam vina nafuu kuliko kiwanda: vinaelea, na vinaweza kuvutwa. Daraja la tope likishuka hadi lile la mapovu, leseni imlazimishe mwenye vizimba kuvihamisha na kupaacha mahali pale mpaka konokono na kome waanze kuonekana tena kwenye chekecheke. Kifungu hicho hakihitaji zaidi ya mistari mitatu katika fomu ya leseni.